Nungunungu Alivyoamua Shindano la Hadithi

Paukwa!

Pakawa!

Wameitika watoto peke yao. Na nyinyi wakubwa mnaojifanya mmekuja kuwasindikiza, itikieni. Paukwa!

Pakawa!

Sasa tuko pamoja. Hapo zamani, zamani ambayo hata bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, wanyama walikuwa wakisema lugha moja, na walikuwa wakiandika. Ndiyo, wakiandika. Walichukua jani kavu la mgomba. Walikamua wino kutoka matunda meusi ya porini. Kalamu ilikuwa mwiba wa nungunungu. Kwaru, kwaru, kwaru, jani likajaa.

Katika bonde moja palikuwa na bwawa, na bwawani alikuwamo Kiboko. Bwawa lilikuwa lake. Hakulichimba wala hakulirithi. Alilala ndani yake mpaka likawa lake.

Kiboko huyu alipenda hadithi kuliko majani mabichi. Alipenda kusimuliwa akiwa amezama mpaka masikioni, macho tu ndiyo yako nje. Lakini msimulizi wa bonde lile alikuwa Sungura, na hadithi zote za Sungura zilikwisha kwa Sungura kushinda. Kiboko akasikiliza, akasikiliza, akachoka. Siku moja akatoa kichwa chote majini, jambo ambalo hakulifanya ovyo, akatangaza shindano la kuandika hadithi. Waandike wale ambao hawajawahi kuandika. Waandike wale ambao hakuna aliyewahi kuwauliza wana hadithi gani. Sungura asilete kitu, maana Sungura ameshasemwa vya kutosha.

Na zawadi? Sikilizeni zawadi. Bwawa lile lililishwa na chemchemi iliyotoka kwenye jabali. Pale jabalini maji yalikuwa safi, baridi, unaona mpaka kokoto za chini. Yakishuka bwawani yanamkuta Kiboko. Na kwa kuwa mnajua Kiboko anafanya nini akiwa majini, mtaelewa kwa nini wanyama wa bonde lile walikunywa wamefumba macho. Basi Kiboko akasema: atakayeshinda, yeye na jamaa zake, watakunywa pale jabalini kiangazi chote.

Kiangazi kilikuwa kimeshabisha hodi. Bonde zima likawa kwaru, kwaru, kwaru.

Wakahitajika majaji. Korongo akachaguliwa kwa sababu aliwahi kwenda nchi za mbali, na tangu arudi alikuwa akitembea kama anayepima kiwanja. Nyumbu akachaguliwa kwa sababu hakuwahi kugombana na mtu. Lolote ulilosema, Nyumbu aliona hivyo hivyo. Na wa tatu akachaguliwa Nungunungu.

Nungunungu huyu ndiye mwenye hadithi yetu. Alikuwa na sifa moja kubwa: hana upendeleo. Sifa hiyo aliitaja mwenyewe kila alipopata nafasi, na nafasi hazikumpita. Akigawa viazi pori kwa majirani, atakwambia amegawa sawa. Akiwaamulia watoto waliopigana, atakwambia hakumtazama mtoto wa nani. Na ilikuwa kweli, watu walikuwa hawabishi. Walichoka kuisikia tu.

Siku ya kutajwa kwake akasimama mbele ya wote, akatikisa miba, chaka, chaka, chaka. Akawaambia kwamba mdogo wake, Chausiku, ameingia shindanoni, na yeye hafichi. Akawaambia pia kwamba Nyegere ameingia, na mambo ya yeye na Nyegere hayana mgeni.

"Mtaniona," akasema. "Huyu hatapata kwa undugu, na yule hatakosa kwa uadui."

Niwaambie mambo ya Nungunungu na Nyegere. Mwaka uliotangulia, mama yao Nungunungu na Chausiku alifariki huko ng'ambo ya vilima, kwenye ardhi nyekundu. Wakaenda kuzika. Wakakaa matanga. Chausiku akabaki huko siku kadhaa, Nungunungu akatangulia kurudi. Alipofika nyumbani, shimo lake, shimo alilozaliwa ndani yake na kulipanua kwa makucha yake mwenyewe, akakuta lina mtu. Alikuwa Nyegere. Akamwambia kwamba alikuta shimo liko wazi. Nungunungu akasema liko wazi kwa sababu mwenyewe alikwenda msibani. Nyegere akasema pole na msiba, akarudi ndani kulala.

Na Nyegere, mnamjua. Simba mwenyewe akimwona njiani hukumbuka kwamba ana shughuli upande mwingine. Kesi ikapelekwa kwa Kiboko. Kiboko akajibu kwamba yeye ni wa majini, mashimo hayamhusu. Nungunungu akaenda kuchimba shimo jipya kwenye udongo wa mawe, na tangu siku hiyo akimwona Nyegere miba inasimama yenyewe.

Ndiyo maana watu wa bonde, walipomsikia akisema mtaniona, walijibu kimoyomoyo kwamba naam, watamwona.

Ili pasiwe na maneno, majina yakafichwa. Kila aliyeandika alimpelekea Konokono jani lake, na Konokono akaweka kichwani nani kaandika nini. Konokono ana nyumba yake mgongoni. Ukimwuliza siri anaingia ndani, na huna la kufanya. Lakini Nungunungu akagundua tatizo. Jina linafichika, harufu je? Jani la Fisi linanuka Fisi. Jani la Ngiri linanuka tope la Ngiri. Akaagiza majani yote yasuguliwe kivumbasi, mbele na nyuma. Majani yote yakanuka kivumbasi. Hata majaji wakanuka kivumbasi. Nungunungu akawazungukia watu wote kuwaeleza kwamba wazo hilo lilikuwa lake.

Wakaanza kusoma. Asubuhi wanakaa chini ya mgunga, Korongo anasoma kwa sauti, wenzake wanasikiliza. Kila jaji anaweka kokoto juu ya jani: hadithi nzuri kokoto nyingi, hadithi mbovu kokoto chache.

Wanangu, kuandika si mchezo. Kulikuwa na hadithi ambamo wahusika wote waliliwa katikati, na mwandishi akaendelea kueleza walikuwa watamu kiasi gani. Kulikuwa na hadithi ya mbio iliyoanza, wakakimbia, wakakimbia, wakakimbia, jani likaisha. Kulikuwa na moja iliyomsifu Kiboko kutoka pua mpaka mkia, mkia ukapewa sifa peke yake. Korongo hakuangalia sana yaliyosemwa. Yeye alilinyoosha jani chini, akalipima kwa mguu wake, na likiwa refu akaguna kwa heshima. Nyumbu aliuliza kwanza mwenzake ameweka kokoto ngapi.

Siku ya tatu au ya nne, Korongo akasoma jani moja fupi.

Ilikuwa hadithi ya mwanamke aliyekwenda kuzika mama yake, akarudi akakuta nyumba yake ina mtu mwingine. Haikuwa na maneno makubwa. Ilisema mwanamke alibisha hodi kwake mwenyewe, akangoja, kwa sababu hakukuwa na wa kumkaribisha. Ilisema udongo mwekundu wa kaburi ulikuwa bado miguuni mwake, na hakujua aufutie mlango gani. Kisha mwanamke akasimama pale kwa muda mrefu, mwandishi naye akamwacha asimame. Mwishoni kabisa akaondoka, na yule aliyekuwa ndani akausikia mguu wake ukienda, akashindwa kulala mahali palipokuwa panamsubiri mtu mwingine.

Korongo alipomaliza, Nungunungu alikuwa ametazama pembeni. Machozi yalikuwa yanashuka mpaka puani na hakuyafuta, asije akaonekana anafuta.

Akajua. Hii ni hadithi yangu. Na kama ni yangu, aliyeiandika ni Chausiku. Nani mwingine anajua habari ya ule udongo? Walitembea pamoja kwenye udongo ule. Ni Chausiku, mdogo wangu, ameandika kwa ajili yangu. Moyo wake ukajaa, ukajaa, halafu ukaingia baridi. Maana akakumbuka alivyosimama mbele ya watu akasema mtaniona.

Chausiku alikuwa na mtoto mdogo. Tangu mtoto aanze kunywa maji ya bwawa, tumbo lake lilikuwa halitulii. Maji ya jabalini yangemfaa kuliko dawa. Nungunungu alilijua hilo, na kwa kuwa alilijua, akaogopa zaidi. Akaona midomo ya watu. Akasikia watakavyosema.

Korongo akasema hadithi ni fupi mno, ingefaa iongezwe.

"Na mwisho wake umechelewa," Nungunungu akasema.

Akaeleza. Mwanamke anasimama sana. Habishani, hapigani, anasimama tu. Msomaji atachoka. Kadiri alivyosema ndivyo alivyopata ya kusema, na kila neno lilimchoma, na kila lilipomchoma akajiona mwadilifu zaidi. Akaweka kokoto moja. Nyumbu akaangalia, naye akaweka moja.

Siku iliyofuata ikasomwa hadithi nyingine. Ilikuwa ya nyuki mmoja mchoyo. Nyuki huyu alificha asali yake mahali pa siri sana, hata yeye mwenyewe akapasahau. Basi akawa anamuuma kila anayepita, akidhani ndiye aliyeiona. Akamuuma huyu, akamuuma yule, mpaka akajiuma mwenyewe. Ilikuwa ya kuchekesha. Nyumbu alicheka, kisha akawatazama wenzake kama inaruhusiwa.

Nungunungu hakucheka. Asali. Nyuki. Nani bondeni anawaza asali kutwa kucha? Nani anavunja mizinga na kulala nayo? Ni Nyegere. Miba ikaanza kusimama, akailaza kwa nguvu. Hapa sasa ndipo watu watakapomwona Nungunungu ni nani. Akasafisha koo, akaisifu hadithi ya nyuki. Akasema ina mwendo. Akasema ina mafunzo. Akasema yule nyuki kujiuma mwenyewe ni jambo ambalo hajawahi kulisikia. Korongo akashangaa, maana jani halikuwa refu, lakini akaona aibu kuwa nyuma. Kokoto zikarundikana. Nyumbu akamwaga zote alizobakiwa nazo.

Nungunungu akarudi nyumbani anatembea kama aliyetua mzigo. Amemwangusha mdogo wake. Amemwinua adui yake. Kama huo si uadilifu, basi uadilifu hauko.

Paukwa!

Pakawa!

Vizuri, bado mko macho. Siku ya kutangaza ikafika. Wanyama wote wakaja bwawani. Korongo akasema maneno ya utangulizi, marefu. Kisha akatangaza kwamba iliyoshinda ni hadithi ya nyuki mchoyo, na mwandishi wake atatajwa na Konokono.

Konokono akatoka ndani ya nyumba yake. Alitoa pembe moja, akatoa ya pili, akavuta pumzi.

"Chausiku," akasema.

Miba ya Nungunungu ikasimama yote. Watu wakatoa ile sauti, mnaijua, aaaa ndefu inayoanzia puani. Chausiku akaruka, akamkumbatia mtoto wake, akazunguka naye. Alieleza mbele ya wote kwamba hadithi ile alikuwa akimwimbia mtoto alipokuwa akilia tumbo, hakufikiri kama ni hadithi ya watu.

Nungunungu akamsogelea Konokono. Akamwuliza kwa sauti ya chini ile hadithi ya mwanamke aliyetoka kuzika ni ya nani. Konokono akasema kwamba kwa kuwa shindano limekwisha, siri nayo imekwisha. Ile ni ya Nyegere.

Nyuma yake, Kanga alikuwa akimwambia Ngiri, wala hakunong'ona, kwamba yeye naye angekuwa na dada jaji angeandika jina lake tu na angeshinda. Ngiri akasema na huyo Nyegere naye, aliwezaje kupeleka jani kwa mtu aliyemnyang'anya shimo, atapata wapi.

Nungunungu akafungua mdomo ajitetee. Aseme nini? Aseme hakujua kwamba ya nyuki ni ya mdogo wake? Watamwuliza mbona aliipigania. Aseme alidhani ni ya Nyegere, ndiyo maana akaipigania? Akaufunga mdomo.

Jambo moja tu lilimfariji njiani. Nyegere ameandika. Nyegere, yule asiye na haya, amekaa na kalamu, amejiweka mahali pa yule aliyemdhulumu, ameandika mpaka machozi yakamtoka jaji. Basi amejuta. Hii ilikuwa njia yake ya kuomba radhi. Nungunungu hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye shimo lake la zamani, akabisha hodi.

Nyegere akatoa kichwa.

"Nimesoma hadithi yako," Nungunungu akasema.

"Ukaionaje?"

"Nilisema mwisho wake umechelewa."

Nyegere akafikiri. Akasema inawezekana, mwisho ulimsumbua.

"Habari ya ule udongo umeipata wapi?"

"Nilikuwa ndani. Kitu cha kwanza nilichokiona ni miguu yako. Ilikuwa myekundu. Nikasema moyoni, hii ni hadithi."

Nungunungu akangoja. Nyegere naye akangoja, hakujua wanangoja nini. Mwishowe Nungunungu akamwuliza kama hilo ndilo alilotaka kumwambia, na kama ni hilo, shimo atalirudisha lini.

"Shimo?" Nyegere akasema. "Ile ni hadithi, dada. Shimo ni shimo."

Akarudi ndani kulala. Na alilala, tena alikoroma. Yule wa kwenye hadithi ndiye aliyekosa usingizi.

Nungunungu akafika kwake amevunjika moyo. Akamkuta Chausiku anamngoja mlangoni, amemletea viazi pori vya shukrani. Mtoto alikuwa ameshakunywa maji ya jabalini, amelala kimya mgongoni mwa mama yake. Chausiku akamshika dada yake mkono, akamwambia anajua alichomfanyia. Akamwambia asiwe na wasiwasi, hatamwambia mtu.

"Sikukufanyia kitu," Nungunungu akasema.

"Ndiyo hivyo hivyo useme," Chausiku akasema, akacheka, akaondoka.

Tazameni sasa. Mambo yote yalikuwa yamemkalia vizuri. Mdogo wake ameshinda. Mtoto anapona. Adui amekosa, na ni adui asiyejuta. Anayejua kilichotokea chini ya ule mgunga ni yeye peke yake, kwa sababu Korongo alikuwa akipima majani, na Nyumbu hajui alichokiona mpaka aambiwe. Angenyamaza tu. Kunyamaza ni kazi rahisi, hata jiwe linaiweza.

Akajaribu. Akachimba mizizi, lakini ile hadithi ilikuwa inachimba pamoja naye. Akila, maneno yanakuja. Hakujua aufutie mlango gani. Akienda njiani, yanakuja. Akamchukia Nyegere kwa kulala shimoni mwake, akamchukia zaidi kwa kuandika vile. Akatafuta kosa katika hadithi, kosa la kweli, si lile alilolibuni. Akalitafuta siku nyingi. Hata ule mwisho haukuchelewa. Mwanamke alisimama pale muda ule ule ambao mtu husimama.

Asubuhi moja akaenda bwawani. Akamwambia Kiboko kwamba shindano liliamuliwa vibaya, na aliyeliamua vibaya ni yeye. Akaeleza yote: alidhani nani ameandika nini, na kwa nini aliangusha hii akainua ile.

Kiboko akatoa mapovu, blup, blup. Akasema mshindi ameshatangazwa kwa jina lake. Akasema kutangaza tena kutamfanya aonekane hajui alichotangaza. Akamwuliza kama anaelewa kwamba atakayenyang'anywa maji ni mtoto wa mdogo wake, na atakayepewa ni Nyegere.

"Naelewa."

"Na shimo amekurudishia?"

"Hajarudisha."

"Basi unataka nini?"

"Nilipima watu," Nungunungu akasema. "Hadithi sikuzipima. Waite, zisomwe mbele ya wote, wapime wao."

Kiboko alipenda hadithi, nimeshawaambia. Hilo ndilo lililomshinda. Akawaita wote.

Korongo akasoma ya nyuki. Watu wakacheka, watoto wakacheka mpaka wakagaragara, na ilistahili. Kisha akasoma ya yule mwanamke. Alipofika kwenye udongo, Kanga akaacha kutafuna. Alipofika pale mwanamke anaposimama, bonde zima likasimama naye. Kiboko alisahau kuzama, mgongo ukamkauka juani na hakujua. Korongo akamaliza, naye hakulipima jani. Akabaki amelishika.

Ngiri akauliza yule mwanamke ni nani. Wote walikuwa wanamtazama Nungunungu.

Kiboko akasema chemchemi ni ya Nyegere.

Chausiku hakulia. Alimfunga mtoto mgongoni, akampita dada yake karibu kabisa.

"Ungenyamaza," akamwambia. "Hicho tu, dada. Kunyamaza kulikushinda?"

Na wale watu waliosema Nungunungu amempendelea mdogo wake, mnadhani walisemaje? Walisema mwanamke gani huyu anayemnyang'anya maji mtoto wa damu yake. Kanga alisema yeye angekuwa na dada kama huyo angehama. Kwa hiyo watu wale wale, kwa midomo ile ile, wakamlaumu mara mbili, na mara zote mbili walikuwa na ukweli kidogo.

Kiangazi kikakaza. Nyegere akanywa jabalini peke yake, hana mke wala ndugu, anakunywa kifua mbele, anarudi kulala shimoni. Hakurudisha shimo wala hakumgawia mtu maji. Nungunungu naye akawa anakwenda kila asubuhi mbali, kwenye mto uliokauka. Anachimba mchanga, anachimba, anachimba, mpaka chini kabisa maji yanajitokeza kidogo kidogo, safi. Anakinga kwenye kibuyu, anarudi, anakiweka mlangoni kwa Chausiku. Makucha yalimwisha. Chausiku alichukua kibuyu kila siku, na kila siku alirudisha kibuyu kitupu mahali pale pale. Salamu hakutoa. Lakini mtoto alipona, taratibu, akaanza kukimbia.

Mvua zikaja, zikaenda. Kiboko akatangaza shindano jingine, maana sasa alikuwa ameonja. Akauliza majaji wawe nani. Watu wakamtaja Nyumbu kwa sauti moja. Walisema hakuna mwadilifu kama yeye, hajawahi kumuudhi mtu. Wakamtaja Korongo. Wa tatu wakataja huyu na yule. Jina la Nungunungu hakuna aliyelitaja, na Nungunungu alikuwa amekaa nyuma, wala hakulitaja yeye.

Nyegere akanyanyuka. Alikuwa na jani jipya kwapani.

"Niwekeeni yule," akasema.

Kiboko akadhani hakusikia vizuri. Akamkumbusha kwamba yule anamchukia.

"Ndiyo. Nikishinda mbele ya Nyumbu, nitajuaje kama nimeshinda?"

Chausiku, aliyekuwa amekaa upande mwingine kabisa, akasema na yeye analo jani, na yeye anamtaka huyo huyo. Kisha akaongeza, ili pasiwe na makosa, kwamba bado hawasemeshani.

Nungunungu akainuka. Akapita katikati ya watu mpaka alipo Nyegere, wakatazamana.

"Bado nalitaka shimo langu," akasema.

"Najua."

"Bado nakuchukia."

"Soma tu," Nyegere akasema, akampa jani.

Basi, watoto, na nyinyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia. Ukipewa kazi ya kuamua, pima kilicho mbele yako. Usimpendelee ndugu yako. Usimkomoe adui yako. Na la tatu, ambalo ni gumu kuliko hayo yote: usijipendelee wewe mwenyewe ili watu wakuone mwadilifu, maana huko nako ni kupendelea.

Hadithi yangu imefika mwisho wake, na kama mnaona mwisho umechelewa, niambieni asubuhi. Sasa mkalale.